Aliyesubiri Makofi

Haya hayakunipata mimi, nashukuru, na hata kushukuru kwenyewe naona aibu. Yalimpata mwenzangu ambaye tunagawana naye ukuta, ule ukuta mwembamba ambao mwanawe akikohoa na wangu anaamka. Jina lake silitaji. La mtoto wake ndiyo kabisa, silitaji hata kwa kunong'ona, na mkifika mbele mtanielewa. Mtaani tulimwita Mama Tufe, kwa sababu mwanawe alikuwa na miezi minane na uzito usio na adabu, kila aliyembeba alimrudisha upesi akisugua mikono, basi wanawake wa bombani wakampa jina la lile tufe la chuma tulilokuwa tunarusha siku ya michezo shuleni.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jumanne, saa tatu asubuhi, jua limepanda, nguo ziko kambani. Mama Tufe alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamfunga mgongoni, akachukua kadi ya kliniki na kuipunga hewani ili mama mkwe wake aione.

"Nampeleka kupima uzito, mama."

"Haya. Ukirudi uniambie kilo ngapi. Na usinipitie kwa wale wapiga picha."

"Mimi tena? Nina kazi gani nao?"

Alikuwa na kazi nao. Ile nyumba ya geti la bluu mwisho wa mtaa ilikuwa imekodiwa na watu wa filamu, na filamu yenyewe ilikuwa inahusu watu wa filamu, yaani wanajiigiza wenyewe wakiwa kazini. Mwongozaji aliigiza kuwa mwongozaji. Mshona mavazi aliigiza kuwa mshona mavazi. Sebuleni walisimamisha kamera mbili. Moja ilikuwa mbovu, haichukui chochote, imewekwa katikati ionekane. Ile nzima ilijificha pembeni nyuma ya pazia, na hiyo ndiyo iliyokuwa inawachukua wote, pamoja na hiyo mbovu yao. Mama Tufe alikuwa ameigiza sana sekondari, walimu walimwambia atafika mbali, akafika hapa kwenye ukuta wangu. Mume wake alikuwa mbali kikazi, huo mwezi wa pili sasa. Mama mkwe alishasema mara moja, bila kunyanyua macho kwenye sufuria, kwamba kuigiza ni kazi ya mtu aliyeishiwa na haya. Kwa hiyo alipopewa nafasi ya mama aliyefiwa na mtoto, alisema uongo siku tano mfululizo, leo sokoni, kesho kwa fundi.

Jumatatu, siku moja kabla ya hiyo ninayoisimulia, walijaribu kwa mwanasesere. Amefungwa shuka jeupe, amelazwa mezani. Mama Tufe akamwinua, akalia. Mwongozaji akasimamisha kazi.

"Macho yanalia, dada, mikono inatusaliti. Mwanasesere hana uzito. Umemshika kama umetumwa mkate."

Watu wakacheka. Aliniambia uso ulimwaka moto hadi masikio, na mdomo ukatangulia kabla ya kichwa.

"Ninaye wangu," akasema.

Hakuna aliyemwomba. Hilo alilirudia kwangu mara tatu, kama mtu anayejichapa. Hakuna aliyemwomba.

Aliyekataa alikuwa mshona mavazi, Bi Pini wanavyomwita, mwanamke mnene wa maneno makavu, muda wote ana pini mdomoni. Watu wale wana desturi yao ya kazi. Anayelazwa kama maiti kwenye picha haachwi ajiinukie mwenyewe. Kamera inafunikwa kwanza, mtu wa karibu naye anamwita mara tatu kwa jina lake halisi, anaitika, anapewa maji, ndipo anashuka. Wanasema kumwinua.

"Mtu mzima nitamwita, ataitika," Bi Pini akasema. "Mtoto ataitika na nini?"

"Bi Pini, hiyo ni nzuri sana," mwongozaji akasema, macho yanang'aa. "Tuiweke kwenye filamu! Baada ya tukio, unamwinua mtoto. Vilevile unavyofanyaga."

Na ikaandikwa.

Basi Jumanne. Mtoto alishiba, akalala fofofo. Mama Tufe akavaa gauni la kijivu la mfiwa, akamlaza mwanawe mezani, akamvutia shuka hadi juu ya uso. Kitambaa kikawa kinapanda na kushuka puani kidogo kidogo. Mwongozaji akasema anza, naye akaanza.

Alilia kweli. Lakini aliniambia, akitazama miguu yake, kwamba kuna kipande chake kilisimama kando kinamtazama akilia. Kipande hicho kikaona chozi limeshuka shavu la kushoto, na taa iko kulia. Akageuza uso. Taratibu. Ili chozi lisipotee.

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele, ile kata ya kwenye hadithi. Kamera mbovu ikafunikwa kitambaa cheusi. Bi Pini akaingia kama alivyoandikiwa, akafunua shuka, akamwita mtoto mara tatu kwa jina la kwenye hadithi, akamdondoshea maji mdomoni. Mtoto akajinyonganyonga. Watu wote wakasema, "Kainuka!" Makofi yakalia. Mama Tufe akamchukua mwanawe na kurudi nyumbani.

Hivyo ndivyo alivyokumbuka. Shikeni hapo.

"Kilo ngapi?" mama mkwe akauliza mlangoni.

"Tisa na nusu."

Mama mkwe akampokea. Mikono yake ikaruka juu, kama unapoinua ndoo uliyodhani imejaa. Akamtazama mtoto. Akamtazama mkwewe.

"Tisa na nusu za wapi hizi?"

Mama Tufe akacheka. Alicheka vizuri sana.

Jumatano mtoto alikuwa mzima, ukimwangalia. Anacheka, anapiga miguu, anavuta nywele. Mama Tufe alikuwa anakunja nguo kabatini, amempa mgongo, na mlango wa kabati lile una kioo. Akamsikia anacheka kitandani. Kisha kimya. Akainua macho kwenye kioo.

Mtoto alikuwa ameacha kucheka katikati ya kicheko. Mdomo wazi. Mkono mmoja hewani. Hapepesi. Hapumui. Anatazama mgongo wa mama yake kama mtu anayesubiri kuambiwa aendelee.

Akageuka. Kicheko kikaendelea palepale kilipokatikia.

Akampa mgongo tena. Kimya.

Alikuja kwangu mbio, akamtupa mtoto mikononi mwangu bila hodi. Nilimbeba. Mimi nina wangu wa umri uleule, najua mtoto ana uzito gani. Ilikuwa kama kupokea nguo zilizokauka kambani. Zina joto la jua, basi.

"Mwambie mama mkwe wako," nikamnong'oneza.

"Nimwambie nini? Kwamba nilimvalisha mjukuu wake sanda nikasema nipo kliniki?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Kesho."

Kesho ikafika, hakusema. Aliniambia alifungua mdomo mara mbili jikoni, na mara zote mbili ikatoka, mama, chumvi iko wapi. Alihesabu macho ya mama mkwe, macho ya mumewe, macho yetu bombani, akaona bora mtoto awe na homa ya kawaida tu, bora iwe tumbo. Ijumaa asubuhi alimlaza kitandani juu ya shuka lililotandikwa.

Shuka halikubonyea.

Hapo ndipo akamnyakua, akakimbia. Kiatu mguu mmoja.

Bi Pini alikuwa kwenye cherehani, geti la bluu likiwa wazi nyuma. Alimpokea mtoto mara moja tu, akamrudisha. Hakuuliza anaumwa nini.

"Nani alimwinua?"

"Si wewe, Bi Pini? Ulimwita, ukampa maji..."

"Mimi nilimwinua yule wa hadithi. Kwa jina la hadithi. Nikasema, mama yake wa kweli atamwita mwenyewe baadaye. Na kamera ilikuwa imefuni..."

Pini zikamdondoka mdomoni, moja moja, zikalia sakafuni.

"Ile mbovu," akasema. "Tulifunika ile mbovu."

Mwongozaji aliitwa. Alikuja na utani wake, akauona uso wa Bi Pini, utani ukamwishia mlangoni. Wakafunga mapazia ya chumba cha nyuma ingawa ilikuwa saa sita mchana, jua linapasua, watoto wa shule wanapita nje wanapiga soga. Akaweka picha ya Jumanne kwenye skrini. Alikiri kwamba kata ya hadithi ilisemwa, lakini kata ya kweli hakuisema. Watu walipendeza kuwatazama. Aliacha kamera iendelee.

Skrini ikaonyesha. Mama analia, chozi, uso unageuka kuifuata taa. Mama Tufe akatamani sakafu imfiche. Kata. Kitambaa cheusi. Bi Pini, maji, jina la hadithi. Kainuka. Kisha Bi Pini anarudisha shuka, maana hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na mtoto analala tena chini yake.

Halafu makofi.

Mama Tufe alikumbuka kwamba alimchukua mwanawe papo hapo. Skrini haikukumbuka hivyo. Kwenye skrini alisimama. Ameipa meza mgongo. Anapokea mikono, anafuta macho, anasema jamani mnanionea tu, anasubiri wa mwisho naye amsifu. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nyuma yake lile shuka jeupe mezani, linapanda, linashuka. Hakugeuka hata mara moja.

"Sitisha," akanong'ona. "Nimeshaona."

"Hujaona," Bi Pini akasema.

Dakika ya nne mwanamke akaingia kwenye picha, kutoka kushoto. Gauni la kijivu. Mgongo kwa kamera. Nywele zimefungwa kama za Mama Tufe, kandambili kama za Mama Tufe, na Mama Tufe mwenyewe yuko pale mbele anacheka na mpiga picha. Mwanamke akainama mezani. Akaingiza mikono chini ya shuka. Akainua kitu kizito, unaona mabega yanavyofanya kazi. Akakipakata. Akatoka kushoto, pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Kushoto hakukuwa na mlango. Kulikuwa na ubao uliopakwa rangi ya ukuta.

Mezani shuka lilibaki na umbo la mtoto. Halikupanda tena. Halikushuka. Ndilo Mama Tufe alilogeuka kulibeba.

Mlango ukafunguliwa nyuma yao. Mwongozaji akaruka. Alikuwa mama mkwe, ameshika kiatu cha pili mkono mmoja na kadi ya kliniki mkono wa pili.

"Jumanne hapajaandikwa kitu," akasema. Kisha macho yake yakatua kwenye skrini, kwenye shuka, na hakuna aliyewahi kuizima. "Huyo chini ya shuka ni nani?"

"Ni mwanangu, mama." Mama Tufe alipiga magoti, halafu akaona hata kupiga magoti kumekaa kiigizaji, akainuka, akakosa pa kuweka macho. "Niliwapa mwenyewe. Hawakuniomba. Halafu wakamaliza na mimi sikumchukua. Nilikuwa nasubiri makofi."

"Makofi."

"Nilitaka wanisifu, mama. Alikuwa nyuma yangu na nilitaka kwanza wanisifu."

Mama mkwe hakumpiga. Mama Tufe anasema angempiga ingekuwa nafuu. Alimvalisha tu kile kiatu, akainama mwenyewe, mama mzima na magoti yake mabovu, akamvalisha kama mtoto wa chekechea.

"Haya mengine tutayasema nyumbani," akasema. "Mwite mwanao."

Wakarudi sebuleni kwenye ile meza, wakatoa kamera zote mbili nje uani na kuzifunika magunia. Simu zote zikaingia kwenye ndoo, ndoo ikatolewa nje. Wakamlaza yule mwepesi mezani, wakamfunika. Bi Pini akasimama na kikombe cha maji.

Mama Tufe akaita jina lenyewe, lile lililoandikwa kwenye kadi. Sauti ikatoka nzuri. Ya chini, ya huzuni, imepanda na kushuka mahali pake.

Shuka halikutikisika.

"Hiyo ni ya jukwaani," Bi Pini akasema. "Mwite kama unavyomwita ukiwa na sabuni mikononi na maziwa yanachemka."

Akajaribu tena. Akajisikia mwenyewe akijaribu. Ikatoka nzuri zaidi.

Shuka likaanza kushuka. Si kwa kupumua. Lilikuwa linazama, kama kitambaa ambacho chini yake hakuna kitu.

"Imebaki moja," Bi Pini akanong'ona.

Mama mkwe akamshika mkwewe kidevu na kumgeuzia uso ukutani, kwenye ule ubao, wasimwone. "Hapa hakuna mtu," akamwambia sikioni. "Mimi mwenyewe nimefumba macho."

Mama Tufe akaita mara ya tatu. Sauti ikapasuka. Ikatoka mbaya, ya puani, kamasi zimechanganyika na jina, sauti ambayo hakuna mwongozaji angeiacha kwenye filamu yake. Kisha ikakwama kabisa, akabaki anapiga ubao kwa kiganja.

Upande wa pili wa ubao, mtoto akalia.

Karibu. Kisha juu ya meza. Meza ikalia miguu, kwaa, kama mtu ametua mzigo. Shuka likafurika. Mama Tufe akamnyakua, mikono ikashuka hadi magotini kwa uzito, na mtoto akamtapikia maziwa kifuani, moto, mengi, ya tangu Jumanne. Mama mkwe akafungua macho na kuketi chini sakafuni palepale.

Walipokuwa wanamfuta ndipo waliposikia miguu nyuma ya ubao. Kandambili. Zinaondoka. Hazina haraka. Mwongozaji akachungulia na tochi. Kati ya ubao na ukuta palikuwa na nafasi ya kuingiza mkono, siyo mtu.

Mimi mchana huo nilikuwa kizingitini kwangu nachambua mchele, mwanangu miguuni. Nikawaona wanakuja kutoka geti la bluu, mama mkwe na mkwewe, wamembeba Tufe kwa zamu maana amekuwa mzito tena, wanacheka na kulia. Nikafurahi. Nikauliza, mimi na mdomo wangu, bila kufikiri:

"Kumbe umetoka tena? Si umeingia ndani sasa hivi?"

Wakasimama.

"Nani kaingia?" mama mkwe akauliza.

"Si yeye! Na gauni la kijivu. Nikamsalimia, hakuitika. Alikuwa amepakata shuka."

Mama Tufe alikuwa amevaa blauzi yake ya njano, imelowa maziwa. Akanitazama. Na nilichoona usoni pake hakikuwa woga kwanza. Kilikuwa aibu, kama nimemkuta na kitu.

Tuliingia wote watatu, mimi nyuma nimemkumbatia wangu. Chumbani hapakuwa na mtu. Kitanda kimetandikwa, kabati limefungwa. Mama Tufe ndiye aliyeona, karibu na mlango, sakafuni. Utepe wa bluu, vipande viwili, umebandikwa kama herufi ya T. Watu wa filamu hubandika hivyo, akatueleza, mwigizaji ajue asimame wapi. Kile kipande kirefu kinapita katikati ya miguu yake. Kile kifupi ndipo vidole vinapoishia, na ndiko anakoelekea uso.

Kilielekea kitandani, upande anaolala mtoto.

Nilimkopesha wembe wangu, akakwangua hadi saruji ikatoka unga. Asubuhi yake ulikuwepo. Hatua moja mbele. Tumekwangua, tumechoma moto, tumehamisha kitanda ukuta wa pili, na utepe umegeuka nacho. Watu wa filamu walishahama, geti la bluu lina kufuli. Mama mkwe hajawahi kumtajia mkwewe neno aibu, hata mara moja, na siku hizi analala naye chumba kimoja, mtoto katikati yao. Kila asubuhi anapima kwa mkono wake, kutoka utepe hadi kitanda.

Leo imebaki shubiri moja.

Niliitwa nije na wembe wangu saa moja na nusu, jua limeingia dirishani, mtoto anavuta nywele za bibi yake, mzito, mzima. Mama Tufe alikuwa ukingoni mwa kitanda na macho makavu. Nikamwambia lia, mwenzangu, utapata nafuu. Akatikisa kichwa. Akaninong'oneza kwamba anaogopa kulia, maana hajui nani anatazama.

Nikainama nibandue. Utepe ulikuwa bado wa moto, kama umetoka sasa hivi kidoleni mwa mtu.